Staa, Simba Ulimpiga kwa Lenzi Gani? Dogo wa Ushetu Anasubiri Jibu

Wadau wangu, leo sina habari ya nani kaachana na nani wala nani kanunuliwa gari na nani. Leo nina hasira, nimeibeba wiki nzima, kwa hiyo nivumilieni. Inahusu kamera.

Kuna staa wetu mmoja, jina kapuni. Alianza na muziki, muziki ukapoa. Akahamia kwenye vichekesho, navyo vikapoa. Tangu ile filamu ya Royal Tour itoke mwaka 2022 na kila mtu agundue kwamba utalii una hela, yeye kageuka mtu wa porini. Kofia ya kaki, shati la kaki, buti ambazo hazijawahi kuonja vumbi. Sina tatizo na hilo, kila mtu atafute ugali wake anakoupata.

Tatizo langu ni ile posti. Mliiona, msijifanye. Picha ya kwanza: uso wa simba dume umejaa fremu nzima, sharubu unazihesabu, nzi watatu puani unawaona mpaka mabawa. Ukitelezesha, inafuata video fupi: staa yuko juu ya gari la watalii, kashika kamera mpya kabisa, na mbele ya kamera kuna lenzi fupi kama kikombe cha kahawa. Chini kaandika kwamba kampiga simba mwenyewe, kwa kamera hiyo hiyo, na kwamba picha kali ya porini haihitaji mambo mengi, nunua tu kamera sahihi. Halafu jina la duka na neno la siri la kupata punguzo.

Watu wakamwaga mioyo na mioto. Mimi nikaguna, nikapita.

Siku kadhaa baadaye nikapigiwa simu na dogo mmoja wa kwetu. Mimi ni mtoto wa Kahama, hapa mjini nimekuja na basi kama wengine, na watu wa nyumbani wanajua nimewahi kushika kamera za watu kwenye maharusi, basi wananiona mtaalamu. Huyu dogo ni wa Ushetu, kule ndani upande wa Ulowa, ambako tumbaku ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo mahari. Kijana mtulivu, anapenda ndege tangu utoto. Wenzake wanakimbilia machimboni wakisubiri duara liteme, yeye anakaa chini ya mti anaangalia hondohondo.

"Bro," akaniambia, "nimenunua ile kamera ya staa. Lakini mbona ndege hawatoki?"

Nikamuuliza imemgharimu kiasi gani. Milioni tatu na laki sita. Nikamuuliza hela katoa wapi. Kimya. Halafu akasema, "Ya mama. Ya tumbaku."

Anayejua tumbaku anajua hiyo maana yake nini. Ni kitalu, ni kupandikiza, ni kupalilia, ni kuchuma jani moja moja, ni usiku wa kukaa na moto bani usizime wala usizidi. Halafu unasubiri soko, unasubiri chama kilipe, unakatwa mkopo wa mbolea. Kinachobaki ndicho hicho. Mama kampa mwanae kwa sababu mwanae kasema kuna kazi ya kupiga picha za wanyama, wazungu wananunua, na staa wa kwenye simu kasema hivi hivi.

Akanitumia picha. Nikavuta, nikavuta tena. Mti, anga, tawi. Akampa simu mama yake anisalimie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi na wewe umeiona hiyo picha? Huyo ndege yuko wapi?"

Wadau, sikuwa na jibu. Ndege alikuwepo. Alikuwa nukta.

Sasa tufanye hesabu kidogo, hii ya darasani kabisa, msikimbie. Lenzi iliyokuja na kamera ya dogo ni ya milimita 50, sawa na ile ya kwenye video ya staa. Chukua ndege mwenye urefu wa sentimita 15, akae tawini mita 10 kutoka ulipo. Lenzi ya 50 inamchora huyo ndege kwenye sensa akiwa na ukubwa wa milimita 0.75. Robo tatu ya milimita! Sensa yenyewe, ile kubwa wanayoiita fulu fremu, ina milimita 24 kwenda juu. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 4,000 kwenda juu, kwa hiyo ndege wako anapata kama pikseli 125. Hata picha ya wasifu wa WhatsApp inataka zaidi ya hapo. Ndege huyo huyo, mita hizo hizo 10, mpe lenzi ya 400: anachukua milimita 6, yaani robo ya fremu. Hapo unaona jicho, unaona manyoya.

Tumrudie simba. Tumhurumie staa, tusihesabu manyoya ya shingo, tuchukue uso tu, sentimita 40 kutoka kidevuni mpaka utosini. Ili uso wa sentimita 40 ujaze fremu ya milimita 24 kwa lenzi ya 50, unatakiwa uwe chini ya mita moja kutoka kwa simba. Chini ya mita moja! Maana yake staa wetu alishuka kwenye gari, akatembea, akapiga magoti, akamwekea simba kamera puani, nzi watatu wakiwa wanatazama, halafu akarudi garini na mikono yote miwili.

Kwa lenzi ya 600, picha ile ile inapigwa ukiwa umbali wa mita kumi na kidogo. Ukiwa ndani ya gari. Kama watu wengine.

Kwa hiyo kuna mawili. Ama staa wetu ana urafiki na simba ambao haujapata kutokea, ama ile picha ilipigwa kwa lenzi ndefu ambayo haikuonekana kwenye video, na inawezekana hata kidole kilichobonyeza hakikuwa chake. Mimi sijasema. Hesabu ndiyo imesema.

Najua povu linakuja. La kwanza litakuwa lile la siku zote: "Sio kamera, ni mpiga picha." Sentensi hii imeshanichosha. Kwenye harusi ni kweli kwa sehemu kubwa, kwa sababu bibi harusi ukimwambia "sogea hapa kwenye mwanga" anasogea. Mtaani ni kweli, unatembea hatua tatu mbele. Mtu atanitajia marehemu Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix pale Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana mdogo, akaja kuishtua dunia na picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Sawa, heshima yake. Lakini Amin alikuwa anapiga watu na matukio, anaingia katikati yao. Porini umbali hauchagui wewe. Ndani ya hifadhi za taifa unabaki kwenye gari na gari linabaki kwenye njia. Mnyama akiamua kulala mita 60 kutoka barabarani, hizo ndizo mita zako. Nje ya hifadhi, ndege ukimsogelea mita 8 anaruka. Huko lenzi ndiyo miguu yako, na mtu anayekwambia kifaa si kitu ama hajawahi kupiga ndege, ama ana lenzi ya milioni 30 nyumbani na anakuona mjinga.

Povu la pili: "Acha wivu, mwache atangaze biashara." Atangaze. Kamera yenyewe ni nzuri, sijasema ni mbovu. Kwa harusi, kwa picha za studio, kwa video za muziki ambako yeye ndiye alikotokea, inafaa sana. Kosa ni kuiuza kwa jina la simba. Ni sawa na kumuuzia mtu wa Bulungwa gari la chini la mjini kwa picha iliyopigwa juu ya mlima. Gari zima, ila masika utalisukuma mwenyewe.

Na hapa niwaambie vijana wa kwetu, wa Ushetu, Kahama, Msalala, mpaka Geita huko, mnaopata hela kwa mkupuo, iwe tumbaku au dhahabu: porini anza na lenzi. Bodi ya kamera inashuka bei haraka, kila mwaka wanatoa mpya, na ile ya mwaka 2014 bado inapiga. Canon 7D Mark II ni ya mwaka 2014, megapikseli 20, picha 10 kwa sekunde. Nikon D500 ni ya 2016, nayo ni picha 10 kwa sekunde. Hizi ni kamera zilizotengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyokimbia na kuruka, na leo unazikuta mtumba kwa bei ambayo staa anaiita ya nauli. Sensa zake ni ndogo kuliko fulu fremu, na mjini watakucheka eti si ya kiprofesheno. Waache wacheke. Porini sensa ndogo inakusaidia, maana inakata pembeni: lenzi ya 400 inakuonyesha eneo lile lile ambalo fulu fremu ingelihitajia lenzi ya 600. Yule ndege wa robo ya fremu, hapa anachukua zaidi ya theluthi.

Betri pia. D500 ilipimwa picha 1,240 kwa chaji moja. Baadhi ya zile kamera ndogo zisizo na kioo ndani, hasa za miaka ya nyuma kama Sony A6000, hazifikishi 400. Kariakoo hilo si tatizo, kuna soketi kila ukuta. Nenda kakae siku tatu kwa mjomba ambako umeme ni wa kapaneli kamoja kanakogombewa na simu kumi na redio, ndiyo utajua kwa nini nalisema.

Upande wa lenzi, zile za 150-600 za Sigma na Tamron zilipotoka, kuanzia mwisho wa 2013 na kuendelea, zilikata ngebe za watu, kwa sababu kabla ya hapo milimita 600 ilikuwa ya matajiri na mashirika. Zina uzito wa karibu kilo mbili, mkono utauma, utazoea. Nikon ana 200-500 yake ya mwaka 2015, nzuri sana, nzito zaidi. Mwenye mfumo mpya wa Canon kuna RF 100-400 isiyofika hata robo tatu ya kilo. Kuna pia RF 600 ya f/11, nyepesi na ya bei ya kawaida, ila hiyo f/11 ni tundu dogo: saa 12 asubuhi, wakati wanyama ndiyo wapo, wewe bado unasubiri mwanga. Mfuko ukiwa mdogo kabisa, 70-300 ya mtumba inatosha kuanzia. Itakufundisha kunyata.

Yule dogo, kwa milioni tatu na laki sita zile zile, angepata bodi ya mtumba na lenzi ya 150-600 ya mtumba, akabaki na ya mfuko. Hilo ndilo linaloniuma. Hela ilitosha.

Kwa asiye na hata milioni mbili, sikufukuzi. Kuna zile kamera za kipande kimoja, lenzi haitoki. Nikon P900 ya mwaka 2015 inafika sawa na milimita 2000, na mdogo wake P1000 wa 2018 anafika 3000. Sensa yake ni ndogo kama ya simu, jioni inachoka, ndege akiruka utamkosa mara tisa kati ya kumi. Lakini mchana kweupe, ndege katulia, anatoka vizuri. Wanaokucheka na P900 yako waulize wao wamepiga ndege wangapi mwaka huu. Na simu za zumu mara 100, zile zilizoanza kutangazwa 2020, ni za kuonea mwezi na kushangilia. Picha yenyewe ni kama imechorwa kwa rangi ya maji ikamwagikiwa.

Ukinunua mtumba, shika tochi. Fungua lenzi, mulika kwa nyuma, angalia kwa mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hilo ni kuvu, rudisha. Zinazokaa pwani kwenye unyevu zinapata sana. Uliza bodi imeshapiga picha ngapi, na usikubali jibu la "chache tu". Halafu hakikisha lenzi na bodi vinaelewana. Kuna jamaa nilimwona na Nikon D3200, kapewa lenzi ya zamani ya AF-D kwa bei ya zawadi. Hiyo bodi haina mota ya kusukuma fokasi ya lenzi za namna hiyo, kwa hiyo kila ndege akawa anamtafuta kwa kuzungusha mkono kama anatafuta stesheni ya redio ya mkulima. Ndege hawakumsubiri.

Stendi ya bei mbaya achana nayo kwanza. Kahama tuna mchele, au siyo? Chukua mfuko wa kitambaa imara, jaza chenga, funga, weka kwenye dirisha la gari au kwenye kichuguu, laza lenzi juu. Imetulia kuliko stendi nyingi za plastiki, na safari ikiharibika mnapika. Kubadili lenzi kiangazi, na lile vumbi letu jekundu, fanya chini ya khanga, mdomo wa kamera ukiangalia chini. Na usipige mbali saa sita mchana. Joto linapanda kutoka ardhini, hewa inacheza, picha inatoka kama imepigwa ndani ya maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Saa 12 mpaka saa 2 asubuhi, halafu ukapumzike, halafu saa 10 jioni.

Droni ndani ya hifadhi bila kibali ni kesi. Sirudii.

Kuna kitu staa wetu kakiharibu zaidi ya hela, nacho ni kuwaaminisha vijana kwamba wanyama ni simba tu na simba yuko Serengeti tu, kwenye gari la kukodi kwa dola. Dogo yuko Ushetu! Shinyanga hii iliyowahi kuitwa jangwa la Tanzania, miti ilipofyekwa kwa ajili ya ndorobo na pamba, ndiyo mradi wa HASHI ukaingia mwaka 1986 mpaka 2004, na wazee wetu wakarudishia ngitili, yale malisho yanayofungwa yakapumzika. Miti ikarudi kwa maelfu kwa maelfu ya hekta, na ndege wakarudi nayo. Studio ya bure hiyo, mlango wake ni hodi kwa mzee mwenye ngitili. Umpelekee picha yake moja iliyosafishwa, atakuita wewe mwenyewe siku nyingine.

Na wale kasuku wadogo wa kijani, kichwa cha chungwa, mdomo mwekundu, wanaopigiwa madebe mashambani mwetu wasimalize mtama? Kwa jina la kitabuni anaitwa kasuku wa Fischer. Makazi yake ya asili duniani ni haya haya ya kwetu, kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Victoria. Wanaofugwa kwenye vizimba vya sebuleni Ulaya na Marekani, asili ya ukoo wao ni huku. Miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi na kusafirishwa mpaka biashara ikasimamishwa. Mzungu anapanda ndege kuja kumwona akiwa huru, analipa hoteli, analipa gari. Dogo anamwona akitoka kupiga mswaki. Anachokosa ni milimita 350 tu.

Magharibi ya Ushetu kuna Kigosi. Mwaka 2019 ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa, mwaka 2023 Bunge likaridhia hadhi hiyo ifutwe na eneo liende kwenye usimamizi wa misitu, na wafuga nyuki wa vijiji vya jirani walikuwa sehemu kubwa ya hoja. Uombe ruhusa kwa wahusika wa misitu, usiingie kienyeji ukaitwa jangili. Kigosi inashikana na Moyowosi, kwenye yale maji ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yaliingizwa kwenye orodha ya ardhi oevu za kimataifa za Ramsar, ya kwanza kwa Tanzania. Humo kuna yule korongo wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, shoebill, ambaye watu duniani wanaweka akiba miaka wamwone mara moja. Anasimama saa nzima bila kutikisika. Kwa lenzi ndefu na uvumilivu, huyo ndiye mnyama wa kupigwa na mtu ambaye hana kamera ya kasi.

Ukienda upande wa Geita, kuna Rubondo, kisiwa kizima cha ziwani, hifadhi ya taifa tangu 1977. Tai wa samaki, nzohe wa kwenye matete, mpaka sokwe ambao Grzimek na watu wake wa Frankfurt walianza kuwaachia pale mwaka 1966. Unavuka kwa boti kutoka Nkome au Kasenda, na kiingilio cha Mtanzania ni shilingi elfu chache, hakifanani kabisa na cha mgeni. Kwenye boti stendi haina kazi, kila kitu kinayumba, kwa hiyo shika mkononi na kasi ya shata iwe elfu moja kwenda juu. Vijana wa Geita wangapi wamefika? Na wangapi wamejipiga picha mbele ya gari la kuazima Masaki?

Hugo van Lawick, yule Mholanzi aliyepiga sokwe wa Gombe kuanzia 1962, alikuja kuweka kambi Ndutu kule Serengeti akaishi hapo miaka na miaka, na huko ndiko zilikotoka filamu zake. Siwaambii mkaishi kwenye hema. Nasema tu kwamba yeye alilazimika kuhama nchi ili akae karibu na wanyama, na dogo wa Ulowa amezaliwa karibu nao. Hiyo nafasi haiuzwi dukani, na ndiyo ambayo staa hakuigusa hata kwa neno moja, kwa sababu haina punguzo la kulipwa.

Mtaniuliza dogo yuko wapi sasa. Duka limegoma kurudisha hela, wamesema boksi limefunguliwa. Nikamwambia asiiuze kwa hasara, kamera ni ya harusi, basi ifanye harusi. Mwezi huu kapiga mbili na kipaimara kimoja, akitoka Ulowa kwa bodaboda kamera ikiwa ndani ya begi la shule. Kila akilipwa anamrudishia mama kidogo na kidogo anaweka kwa ajili ya lenzi. Tumekubaliana kwanza irudi ya tumbaku. Majuzi kanitumia picha ya miombo ikichipua majani mekundu kabla ya mvua, bonde zima kama linawaka, kwa lenzi hiyo hiyo ya 50. Ni picha nzuri kuliko yoyote ambayo staa ameweka mwaka huu. Kasuku bado ni nukta.

Staa wetu, najua unasoma huku, maana ulishawahi kunijibu kwa jina jingine. Sikuombi radhi yako. Faili mbichi ya ile picha ya simba ina maandishi ndani yake: kamera gani, lenzi gani, milimita ngapi, saa ngapi. Instagram inayafuta, wewe unayo. Piga picha ya hiyo sehemu tu, uiweke. Ikiandika 50, mimi nitakuja na basi la usiku mpaka mlangoni kwako, nitapiga magoti mita moja kutoka puani mwako.